Kabla hujatoka na IST yako baada ya mvua, mtafute aliyepita leo

Swali limetoka kwa dada mmoja yuko Mwanga hapa Kigoma mjini, nalifupisha. Ana gari ndogo ya Toyota IST, Jumamosi anataka kwenda kumchukua mama yake kijiji cha ndani ndani huko ukishapita Nguruka, mama ana kliniki Jumatatu. Mvua imepiga tangu Jumanne haijakata vizuri. Kaka yake wa kijijini anasema "njia inapitika we njoo tu", dereva mmoja wa stendi kamwambia asithubutu, na akifungua ramani kwenye simu anaona mstari wa bluu umenyooka mpaka mlangoni kwa mama. Anauliza amwamini nani kati ya hao watatu, na kama kuna namna ya kuikagua barabara akiwa bado nyumbani.

Dada yangu, mi nimekaa miaka kwenye matengenezo ya barabara za changarawe mkoa huu na Tabora, kazi ya kufuata greda kiangazi na kuhesabu makalavati (yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) yaliyoenda na maji msimu wa mvua, kwa hiyo ntakujibu kama fundi wa barabara, habari za kuendesha kwenye tope kuna watu wanazijua kunishinda. Na nianze kwa kusema kaka yako hajakudanganya, na yule dereva pia hajakudanganya. Kaka yako anapita na pikipiki, tena pikipiki ikifika kwenye maji anashuka vijana wanaibeba kwa buku mbili anaendelea, kwake hiyo ni njia inapitika. Dereva wa stendi anawaza gari lenye abiria saba na mizigo juu. Hakuna hata mmoja aliyewaza IST yenye bibi mzee ndani yake. Ramani ndo kabisa, ile haijui kama mvua imenyesha, ntairudia baadaye.

Kwa hiyo usiulize tena kama njia inapitika maana jibu lake ni la kumfurahisha mgeni tu. Uliza vitu vinne kwa mpigo: nani kapita, kapita na chombo gani, kapita saa ngapi, na pale pabaya maji yalimfikia wapi. Akikwambia "jana jioni Probox ya fulani imepita, pale kwenye kijito maji yalikuwa nusu ya rimu" hapo una taarifa ya kufanyia kazi. Akisema "watu wanapita pita" huna kitu, mshukuru kata simu tafuta mwingine. Na taarifa ya barabara baada ya mvua inachacha haraka sana, ya jana asubuhi kama usiku imenyesha ihesabu haipo.

Sasa upate kujua pabaya ni wapi kabla hujapiga simu hizo. Watu wengi wanadhani barabara ya kijijini inaharibika yote, hapana, kilomita 30 za vumbi unakuta 28 hazina shida yoyote zaidi ya utelezi, halafu kuna sehemu tatu nne ambazo ndo zinaamua ulale wapi. Ni pale maji yanapokatiza barabara, yaani makalavati, yale madaraja madogo, drifti za zege ambazo maji yanapita juu yake, na pale barabara inapoingia mbugani, yaani kwenye bonde tambarare la udongo mweusi. Kwa hiyo chukua simu yako, badala ya ile ramani ya mistari weka ile ya picha za setilaiti, fuata njia yako taratibu kwa kidole kuanzia pale inapoiacha barabara kuu mpaka kwa mama, na kila unapoona mkanda wa kijani kibichi au weusi weusi unakatiza njia andika, hapo ni kijito au mbuga. Picha zenyewe mara nyingi zimepigwa kiangazi kwa hiyo maji hutayaona ila mahali maji yatakapokuwa utapaona. Ukimaliza utakuwa na sehemu labda tano. Mpigie kaka yako umuulize kila moja panaitwaje, hata kama ni "pale kwa mzee fulani kwenye mwembe". Ukishakuwa na majina ndo unaweza kumuuliza mtu swali la maana.

Kuna jambo la pili ambalo naona madereva wengi hata wazoefu hawalijui vizuri, nalo ni kwamba maji ya huku kwetu ni ya aina mbili na hayafanani tabia. Kuna maji ya milimani, vile vijito vinavyoshuka kutoka Buhigwe, Kasulu, Kalinzi huko. Hivi vinajaa ndani ya saa moja au mbili baada ya mvua kubwa na vinashuka haraka hivyo hivyo, ukikuta kimejaa ukakaa chini ya mti saa tatu nne bila mvua kuongezeka mara nyingi unapita bila wasiwasi. Kinachoua watu kwenye hivi ni haraka tu, hasa ukizingatia mvua inaweza kuwa inapiga huko juu na hapo ulipo jua linawaka, unashangaa kijito kinapanda hujui kimetoa wapi.

Halafu kuna maji ya Malagarasi na mbuga zake, huku unakoenda wewe. Mto huu unaanzia kwenye vilima vya mpakani na Burundi, unazunguka kaskazini huko Kasulu na Kibondo, unaingia kwenye mabwawa na madimbwi ya Moyowosi halafu ndo unageuka kuja magharibi kwenye ziwa Tanganyika, unamwagia pale Ilagala. Lile eneo la mabwawa ni kubwa sana, ndo lilikuwa la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 2000, na linashika maji kama sponji. Maana yake kwako ni kwamba mvua ya leo Kibondo haifiki darajani Malagarasi leo, inakuja taratibu, mto unapanda siku hadi siku na ukishapanda haushuki kesho. Mbuga za kandokando yake zinaweza kuwa na maji wiki nzima baada ya mvua kukata na jua linawaka hapo juu. Kwa hiyo usije ukasubiri saa nne pembeni ya mbuga iliyojaa ukidhani itashuka, utakaa hapo mpaka usiku. Ukikuta mbuga imejaa geuza gari, hiyo ni ya kuhesabu kwa siku.

Udongo nao. Ule mwekundu wa Kasulu na Buhigwe unateleza vibaya sana mvua ikinyesha, kwenye mteremko gari inakwenda ubavu ubavu, ila kwa sababu ardhi yenyewe imeinama maji yanaondoka, jua la nusu siku likipiga unakamata tena. Udongo wa kichanga wa kwenye miombo, ule wa kuanzia Nguruka kuelekea Kaliua na Urambo, huo hata unapendeza ukiwa na unyevu, gari inapita vizuri kuliko kiangazi, ubaya wake ni kwamba maji yanaukata kirahisi kandokando ya kalavati. Udongo mweusi wa mbugani ndo adui. Ule ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji, na unadanganya, juu unatengeneza ganda limekauka limepasuka pasuka vizuri unasema hapa pamekauka, kumbe chini sentimita kumi tu ni ugali. Ukiingia nao tairi zinajaa zinakuwa laini hazina kashata tena na gari inakaa juu ya tumbo lake. Dawa yake ni kushuka na kukanyaga kwa kisigino au kuchoma kijiti, kikizama bila kutumia nguvu usiingize gari ndogo. Na kama kaka yako anaweza kufanya hivyo Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi kwenye ile sehemu ya mbuga ya njia yenu basi ameshakusaidia kuliko mtu yeyote.

Kuna hili la njia za matairi ya Fuso ambalo wenye gari ndogo wanalipuuza. Malori ya mazao na ya mkaa yakipita kwenye tope yanachimba mifereji miwili. IST iko juu ya ardhi sentimita kama 15 hivi, mfereji wa Fuso ukiwa na kina zaidi ya hapo tumbo linakaa kwenye tuta la katikati na tairi zinaelea. Tena upana wa Fuso haulingani na wako, huwezi kuingiza tairi zote mbili kwenye mifereji yake, moja inaingia nyingine inapanda, unaenda umeinama. Kwa hiyo mtu akikwambia "Fuso limepita asubuhi" usishangilie, kwako hiyo inaweza kuwa habari mbaya. Taarifa unayoitaka ni ya michomoko, zile Probox na Noah zinazobeba watu vijijini, maana urefu wake kutoka ardhini unakaribiana na wa gari yako na dereva wake hataki kuvunja gari la tajiri.

Na hapa nakupa njia ambayo mi naiamini kuliko zote na haihitaji intaneti. Ulizia nauli. Mpigie mtu yeyote Nguruka anayepanda michomoko kwenda huko kwenu umuulize leo nauli ni bei gani. Kama ni ile ile ya kawaida, njia iko sawa. Kama imepanda nusu, kuna mahali gari zinahangaika. Kama michomoko imeacha kwenda na zimebaki pikipiki tu, we unataka kwenda na IST kufanya nini? Dereva wa mchomoko anaweza kukudanganya kwa maneno ila bei haimruhusu. Hata duka la kijijini linakwambia, soda na sukari vikiisha siku tatu hakuna gari la mzigo lililofika.

Watu wengine wa kuwapigia: mwenyekiti wa kitongoji ambacho kalavati liko kwake, huyu ndo wa kwanza kujua limekwenda kwa sababu watu wanamlalamikia yeye, pamoja na mtendaji wa kijiji. Madereva pale stendi ya Masanga nenda Ijumaa jioni wakati wanarudi, sio asubuhi wakati wanatafuta abiria, jioni mtu amechoka hana cha kukuuzia anakwambia ukweli wote pamoja na matusi. Walimu pia, wale wanaokaa Nguruka wanafundisha vijijini wanapita njia hizo kila siku.

Upande wa serikali ujue barabara ni ya nani usije ukapigishwa simu kumi bure. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, ofisi ya meneja wa mkoa iko hapa hapa Kigoma. Zile za wilaya, za kutoka barabara kuu kuingia vijijini, ni za TARURA tangu Julai 2017, zamani zilikuwa za halmashauri, na kwako ni meneja wa TARURA wa wilaya ya Uvinza. Piga Ijumaa saa za kazi kwa sababu Jumamosi utapata mlinzi. Wao wanaweza wasijue kijito chenu kikoje leo, ila watajua kama kuna daraja limefungwa rasmi au kama kuna sehemu kijiko, ile mashine ya kuchimba, kiko kazini na njia imechepushwa. Michepuko hiyo nakuomba uiogope. Popote wanapojenga lami au daraja wanakata njia ya muda pembeni, inajengwa ya bei rahisi, mara nyingi na mabomba machache, na mvua kubwa ikija hiyo ndo inaondoka ya kwanza wakati barabara yenyewe pembeni yake inang'aa. Kwa hiyo kuulizia lami tu hakutoshi, ulizia na mchepuko.

Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo usiipuuze ila uitumie kwa kazi yake. TMA wanatoa utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa kwa mikoa, rangi ya njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wakisema mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Kigoma mjini kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 1000 hivi, karibu zote zinaanguka kati ya Novemba na Aprili mwishoni, maana huku hatuna vuli na masika kama wenzetu wa pwani, ni msimu mmoja mrefu. Kwa hiyo milimita 50 kwa siku moja sio jambo dogo, ni sehemu ya ishirini ya mvua ya mwaka. Utabiri haukwambii kalavati lenu liko hai, unakwambia kama unaweza kwenda ukaweza na kurudi. Ukiona mkoa wa Kigoma umepakwa rangi Jumamosi na Jumapili, hata kama njia leo iko sawa, utaingia Jumamosi na Jumapili utashindwa kutoka na mama, hapo umehamisha tatizo tu.

Ramani ya simu sasa. Ile rangi ya bluu inamaanisha kuna barabara imechorwa, basi. Rangi za foleni wanazipata kutoka kwenye simu za watu walio barabarani, na njia ya kijijini yenye simu tatu kwa siku haitoi kitu. Tena ina tabia ya kukutafutia njia fupi, inakuona unakwenda na lami inakwambia kata kulia uokoe dakika kumi, unajikuta kwenye njia ya ng'ombe. Itumie kuhesabu vijito nilivyokwambia, lakini isikuchagulie njia.

Picha za WhatsApp kuwa nazo makini. Mvua ikinyesha magrupu yanajaa picha za madaraja yaliyokatika, nusu yake ni za miaka iliyopita, za ile 2023/24 ya El Niño bado zinazunguka mpaka leo kila msimu na mtu anaandika "leo hii". Mwambie kaka yako akupigie ya video akiwa pale pale, amesimama pembeni ya maji, akuonyeshe kijiti alichokichomeka. Kama mtandao hauruhusu atume sauti aeleze. Kijiti ni muhimu kuliko picha: achomeke kwenye ukingo wa maji au aweke jiwe, akae nusu saa, aangalie maji yamelipita jiwe au yamerudi nyuma. Maji yanayopanda na maji yanayoshuka yakiwa na kina kile kile ni vitu viwili tofauti kabisa. Na kama yanaleta matawi mabichi na majani ujue bado huko juu yanaongezeka.

Sasa ukiwa njiani mwenyewe, maana hata ukiuliza watu kumi lazima macho yako yafanye kazi. Kutoka hapa unashika Kidahwe, Kazuramimba, Uvinza, unavuka Malagarasi kwenye daraja la Kikwete unafika Nguruka, hii ni barabara kuu ina mabasi na malori, ukikwama kuna watu. Ukiiacha hiyo ukaingia ndani ndo kazi inaanza. Kwenye kila kalavati simama kabla, shuka. Usiangalie juu ya barabara, nenda upande ambao maji yanatoka kwenda zake, upande wa chini. Kalavati zetu nyingi ni mabomba ya sentimita 60 au 90, zikizibwa na matawi na mabua ya mahindi maji yanapanda yanapita juu ya barabara, na yakishuka upande wa pili yanaanza kula udongo kutoka chini. Kwa hiyo unakuta juu barabara iko nzima na alama za tairi zipo, ila ukienda kuchungulia pembeni kuna pango limeingia mpaka katikati. Dalili nyingine ni nyufa ndefu zinazokwenda sambamba na ukingo wa barabara, na maji machafu yanayotokea pembeni ya bomba badala ya ndani ya bomba, hayo yanachimba. Ukiona mojawapo, abiria washuke, tena kwa gari yenye mzee ningesema usipite kabisa.

Daraja la zege nalo linadanganya. Watu wanaangalia daraja liko imara wanapita, mi naangalia pale tuta la udongo linapokutana na zege, maana pale ndo panapokwenda kwanza, daraja linabaki limesimama peke yake katikati ya mto na pande zote mbili hakuna kitu. Kama kuna shimo dogo linazama pale kwenye maungio, hata la ukubwa wa sufuria, usilipite, chini yake ni kubwa.

Maji yakiwa yanapita juu ya barabara hesabu ni hii na haina ujanja: maji yanayokwenda kwa kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 yanainua gari ndogo kama yako yanaisukuma, sentimita 60 yanabeba mpaka pikapu na Land Cruiser. Yaani gari ndogo ni nyepesi ukilinganisha na hewa iliyomo ndani yake, inaelea mapema kuliko unavyodhani. Hivyo kwa IST mi nakwambia maji yanayotembea yakishagusa rimu usiingie, na maji ya matope ambayo huoni chini usiingie hata kama ni kidogo, kwa sababu hujui kama barabara bado ipo huko chini. Yaliyotulia tofauti kidogo, unaweza kupima kwa fimbo ukitangulia kwa miguu, ila sio karibu na Malagarasi wala vijito vyake vinavyojaa, mto ule una mamba na maji yakitanda nao wanatanda.

Ukiamua kupita, weka gia ndogo, kwenye otomatiki weka L, ingia polepole usiachie mafuta wala usikanyage ghafla, mwendo mmoja mpaka utoke. Ukitoka kanyaga breki kidogo kidogo zikauke. Injini ikizima ndani ya maji usipige stata tena hata mara moja, injini ikinywa maji ukaipiga stata kono la pistoni linapinda na hapo umenunua injini nyingine, isukumwe itoke kwanza fundi aiangalie. Kwenye buti weka jembe, kamba ndefu, vibao viwili vya kuweka chini ya jeki maana jeki kwenye tope inazama, maji ya kunywa na dawa za mama kama ana za kila siku. Mafuta yawe ya kwenda na kurudi, usitegemee ya chupa.

Basi kwa Jumamosi yako mi ningefanya hivi. Gari ndogo usiiingize huko ndani ukishapita Nguruka, labda usiku wa Ijumaa haujanyesha na michomoko inakwenda kwa nauli ya kawaida. Toka Kigoma mapema asubuhi, fika Nguruka, iache IST kwa mtu unayemfahamu au gesti yenye uzio, chukua mchomoko wa dereva anayepita njia hiyo kila siku aende nawe akurudishe na mama, mlipe hata mara mbili bado ni rahisi kuliko kuvutwa na trekta. Kama michomoko nayo haiendi, mwambie kaka yako asimpakie mama kwenye pikipiki kwenye utelezi kwa sababu tu we umefika, mzee akianguka kliniki ya Jumatatu inageuka ya kitu kingine, bora upige simu kliniki Ijumaa uombe tarehe nyingine. Na kama mama anaweza kufikishwa Nguruka mapema siku ambayo njia ni kavu, reli ya kati inapita hapo hapo, uliza stesheni treni ya kuja Kigoma ni siku gani wiki hiyo na kama mvua haijaigusa, atakaa ametulia kuliko kwenye gari lolote.

Wale watakaosoma hapa ambao njia yao ni ya Simbo kwenda Ilagala mpaka Kalya, kwenu kuna la kuongeza moja, ulizieni kivuko cha Ilagala kiko kazini siku hiyo na mpaka saa ngapi, maana mtu anafika jioni anakuta kimeshafunga na nyuma yake kijito kimejaa.

Dada, jambo la mwisho ni saa. Panga uipite ile sehemu mbaya kabisa kabla ya saa sita mchana ili ikikushinda uwe na mwanga wa kugeuza. Ikifika saa tano uko Nguruka na hujapata hata mtu mmoja aliyepita njia yenu asubuhi hiyo hiyo na gari, kaa hapo hapo ule samaki, gesti zipo, jaribu Jumapili.